Wazee wa Vita Walioniambia Hawajambo

Vijana wa masjala, mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga. Mlinitandazia kanga begani, mkanipa sufuria za kupangana, na Mganga Mkuu akasema maneno mazuri ambayo nadhani alikuwa ameyaandaa kwa ajili ya mtu mwingine. Halafu soda hazijaisha, mmoja wenu akaja kuninong'oneza ufunguo wa kabati la nyuma uko wapi. Nikachoka. Kabati lile halijawahi kuwa na ufunguo. Unainua mlango kidogo, unaupiga goti pale chini upande wa kulia, unafunguka.

Basi nimekaa nyumbani, nimepalilia mchicha, nimegombana na kuku wa jirani, nikaona heri niwaandikie. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yamo kwenye jalada langu, na nawajua vizuri, mmeshalifungua.

Siku ya kwanza nilipanda Mbinga kutoka ziwani kwa lori lililokuwa limeshusha mahindi Mbamba Bay na sasa linarudi na samaki. Nilikuwa na barua ya ajira kwenye mkoba na kifurushi cha usipa alionifungia mama, wale dagaa wetu wa ziwani, niwape wenyeji wangu. Nikaingia masjala ya hospitali nikiwa nimeganda kwa baridi, maana sisi watu wa ziwani hatujui kuvaa sweta. Mkuu wa masjala alikuwa Mzee Hyera, Mngoni mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akainua pua.

"Binti, umekuja na kazi au umekuja na kitoweo?"

"Shikamoo mzee. Nimekuja na vyote."

"Marahaba. Tuanze na kitoweo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, msiwasikilize wanaosema nilipita usaili.

Mzee Hyera alinifundisha mambo ambayo nyinyi mmeyakuta yameshakuwa desturi na hamjui yalitoka wapi. Yeye ndiye aliyeweka miguu ya rafu kwenye makopo ya mafuta machafu ya gari ili mchwa wasipande. Yeye ndiye aliyetushonesha majalada kwa sindano ya gunia, kwa sababu pini zinaota kutu na kutu inakula karatasi. Na alitukataza kabisa kumwambia mgonjwa kwamba kadi yake haipo. Ilibidi tuseme haijaonekana, kisha tukaitafute. Alisema kadi haina miguu, kama haipo hapa basi iko kwa mtu, na huyo mtu ana jina.

Kuhusu majina alikuwa mkali zaidi. Huku milimani mapadri walibatiza watu kwa majina yaleyale mwaka hadi mwaka, na koo nazo ni zilezile. Mgonjwa akifika dirishani na kusema jina lake tu, Mzee Hyera alikuwa anamtazama juu ya miwani na kumwuliza, "Wa wapi, na wa kwa nani?" Mtu, tuseme wa Mapera, angetaja kijiji, baba, na mama ikibidi, hapo ndipo mzee anainuka kwenda kwenye rafu. Nilidhani ni udaku. Baadaye nikapokea siku moja wanaume watatu wa jina moja na ukoo mmoja, wote wa Mapera, wote wana malaria, nikaacha kudhani.

Nakala tulizitengeneza kwa taipureta na karatasi ya kaboni. Ukimaliza kupiga, mnakaa wawili, mmoja anasoma karatasi ya mwanzo, mwingine anafuata kwenye nakala kwa kidole. Tulisoma kila kitu, hata mkato na nukta. Mzee Hyera aliita kazi hii kusomeana. Nimesomeana naye magonjwa ya wilaya nzima, yeye akisoma kwa sauti ya misa, mimi nafuata. Nikikosea mstari alikuwa anakohoa tu. Nilimpenda mzee yule, na sikuwahi kumwambia, kwa hiyo nawaambia nyinyi.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Mnakumbuka wazazi wenu wakisimulia. Maduka yaliyokuwa na chumvi na kiberiti tu yakajaa, mitumba ikafika hadi kijijini Matiri, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupita na mizani zao vijijini. Hospitali nayo ikaanza kuwaambia watu wachangie gharama, na kila mgonjwa akaambiwa aje na daftari lake. Dirishani kwangu nilitukanwa kwa sera nisiyoitunga mimi, kwa Kimatengo, Kingoni na Kinyasa. Kinyasa cha kwetu ziwani ndicho kilichoniuma, maana nilikielewa.

Faida tuliyoipata masjala katika miaka hiyo ilikuwa mashine ya fotokopi ya Mzee Shomari. Mzee Shomari alikuwa na duka karibu na stendi. Baba yake alikuja zamani kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akaoa huku, akabaki. Aliileta mashine kutoka Dar es Salaam ikiwa imefungwa kwenye godoro, akaiwekea jenereta yake peke yake na kitambaa cha kuifunika. Kabla ya kuiwasha alikuwa anasema bismillahi, na wateja wote tunajibu hata sisi wa kanisani. Ilikuwa inatoa karatasi ya moto yenye mstari mweusi upande wa kushoto. Mstari huo haukutoka hata alipomleta fundi. Siku moja nilipeleka karatasi yenye mchoro wa kifua, ikatoka na ule mstari, na daktari akaniuliza huo ubavu wa ziada ni wa nani.

Mzee Hyera hakuipenda mashine. Alisema, "Hiyo haisomi. Inatazama tu." Lakini aliposikia kwamba ofisi za Songea zinataka nakala za mashine zenye muhuri, akanituma mwenyewe, na niliporudi akanikalisha tukasomeana nakala ya fotokopi na karatasi yake ya mwanzo, mstari kwa mstari. Nilimwambia mashine haiwezi kukosea neno. Akasema atalala vizuri zaidi akihakikisha.

Ndipo wazee wa vita wakaanza kuja. Nawaita wazee, lakini wengi wao hata mvi hawakuwa nazo. Walikwenda vita ya Uganda wakiwa vijana, wakarudi, wakaendelea na mahindi na kahawa, na wa ziwani wakaendelea na nyavu. Sasa likasambaa neno vijijini kwamba aliyeumia vitani anaweza kudai malipo ya ulemavu, mradi apeleke nakala mbili. Nakala moja ni ya uchunguzi wa kitabibu aliofanyiwa siku anaachishwa jeshi, nayo ilikuwa Dar es Salaam kwenye ofisi iliyotunza kumbukumbu zao. Nyingine ni ya matibabu aliyopata hospitali ya nyumbani tangu arudi, na hiyo ilikuwa kwangu. Kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na taipureta na muhuri, barua zote za kuomba hizo za Dar es Salaam zikawa kazi ya masjala.

Nilizoea kuwaona asubuhi kwenye benchi. Walikaa wamenyooka. Mmoja alikuwa anatoka Chiwanda, karibu na mpaka wa Msumbiji, anapanda boti hadi Mbamba Bay kisha lori, na kila safari ananiletea samaki hata nikimkataza. Ukiwauliza tarehe ya kuzaliwa walisitasita, lakini namba ya jeshi waliitamka bila kupumua. Ninyi mkipata mtu wa namna hiyo, andikeni namba kwanza, jina baadaye.

Barua ilikwenda, tukangoja, jibu likaja au lisije, tukaandika tena. Bahasha za kwanza zilipofika nilishangilia. Nikafungua ya kwanza, ya koplo mstaafu wa Mapera ambaye bomu lilimharibia sikio. Kwenye nafasi ya hali ya afya palikuwa pameandikwa: Hajambo. Hana malalamiko. Nikafungua ya yule wa Chiwanda, aliyekuwa anakohoa damu kila kipupwe. Hajambo, hana malalamiko. Zote zilikuwa hivyo. Nilidhani Dar es Salaam wametuma kwa makosa karatasi za watu wasioumwa chochote.

Nikamwita yule wa Mapera nikamsomea, upande wa sikio lake zima. Akatikisa kichwa.

"Ni kweli, binti. Tulipanga mstari. Daktari akaniuliza, hujambo kijana? Nikasema sijambo. Habari ya mwili? Nikasema nzuri. Nikavuta pumzi nimweleze sikio, akaita mwingine."

"Sasa kwa nini ulisema nzuri?"

Alinitazama kwa huruma, akaona nimesoma hadi nimepotea. "Mtu amekusalimia vizuri, binti. Wewe ungemjibuje?"

Kweli, hata mimi ningejibu hivyohivyo. Hata mtu aliyetoka kuzika jana ukimsalimia atasema nzuri, namshukuru Mungu, kisha atavuta pumzi, ndipo atasema ila. Habari yenyewe inakaa baada ya ile ila. Wale madaktari walikuwa na mstari mrefu wa vijana wanaotaka kurudi kwao. Waliandika salamu, wakaita mwingine.

Daktari wetu aliposikia alicheka, kisha akaacha kucheka, maana kwa karatasi zile madai yote yangetupwa. Akatafuta njia. Tukawa tunaambatisha nakala ya Dar es Salaam, nakala zetu za matibabu, na barua yake ya kuomba mzee apimwe upya na bodi ya madaktari iliyokuwa inakaa Songea. Na kabla mzee hajaenda, mimi nilikuwa namfanyisha mazoezi pale dirishani. Namsalimia kama daktari, yeye anajibu ugonjwa kwanza. Walioniona walidhani naigiza. Wengi waliweza baada ya kujikaza. Yule wa Mapera alikuwa hodari mno, ukimwambia habari za asubuhi anakujibu sikio, hadi mke wake akaja kulalamika.

Aliyenishinda alikuwa Mzee Fokas wa Matiri.

Mke wake ndiye aliyefika kwanza. Mama Otilia, mwanamke mfupi, mikono migumu ya jembe, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa nguvu. Aliongea akiwa ameegemea dirisha langu. Mume wake alipigwa na chuma cha bomu kwenye nyonga ya kulia. Haketi chini, hainami, hapigi magoti, na hajawahi kutamka kwamba hawezi. Kanisani watu wote wakipiga magoti yeye anabaki amesimama, na Matiri wanasema vita ilimpa kiburi hadi mbele ya Mungu. Shambani anakata matawi ya juu ya kahawa tu. Kuchuma matawi ya chini, kulima, kuchimba ngoro, yale mashimo ya kushika maji kwenye mteremko, yote ni yeye mke, na watoto wameshaoa na kuolewa.

"Watu wananiambia mume wangu bado yuko kwenye gwaride," akasema. "Nacheka nao. Ila binti, mgongo wangu umeanza kugoma. Msimu huu nilichuma nusu shamba nikalala chini ya mti. Nikianguka mimi, nyumba ile imeanguka. Tukipata hayo malipo tutaweka vibarua."

Wiki iliyofuata akamleta mume wake. Mwanaume mrefu, shati limepigwa pasi, amesimama mlangoni kama nguzo ya simu. Nikamwamkia, nikamwambia karibu uketi. Akasema yuko sawa hapo. Nikamwuliza shida yake.

"Shida hakuna, binti yangu. Mke wangu ameniambia nije."

Nilianza na kadi zetu. Nikamtafuta Matiri, ukoo wake, wa kwa nani, nikampata. Malaria. Malaria tena. Jino. Nyonga haikuandikwa popote. Nikamwuliza kwa nini miaka yote hakuwahi kumwambia mganga.

"Nilikuja kwa malaria," akasema. "Ningemchosha mganga wa watu na mambo mengine ya nini?"

Dar es Salaam, ambako majalada yalipangwa kwa mahali mtu alipoandikishwa, nao wakajibu kwamba hawana mtu wa Matiri mwenye jina wala namba hiyo. Hapo Mzee Hyera, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu na haoni vizuri, akaniambia nimwulize mzee alikuwa wapi siku anaandikishwa, si kwao ni wapi. Kumbe aliandikishwa Songea, alikokwenda kibarua cha tumbaku. Nikaandika upya. Wakati huohuo Songea wakatuletea barua kwamba bodi itakaa mara ya mwisho baada ya msimu wa kahawa, na dai lisilokamilika litafungwa. Mama Otilia akawa anapita kila siku ya mnada kuuliza. Sikuwa na la kumwambia, nikawa namwona kwa mbali anavyotembea, mkono kiunoni, na roho inaniuma.

Nakala ikafika kwa mkono wa kondakta wa basi, siku chache kabla ya bodi. Niliifungua nikiwa najua. Hajambo. Hana malalamiko. Aweza kazi zote. Nikaipeleka kwa Mzee Shomari, akasema bismillahi, ikatoka na mstari wake mweusi, tukaipiga muhuri na kuambatisha barua ya daktari.

Mazoezi yetu yalikuwa hivi.

"Hujambo mzee?"

"Sijambo."

"Mzee Fokas, tumesemaje?"

"Sasa binti yangu, mtu ananisalimia kwa heshima, nimrushie nyonga usoni?"

Mama Otilia akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikajaribu tena. Nikamwambia aseme tu, daktari, nyonga inaniuma. Akajaribu. Alisema, "Daktari, nyonga," akameza mate, "haina neno." Nilitaka kumpiga na muhuri. Mke wake akaniambia nisikasirike, ni mtu mzuri, hajawahi kumpandishia sauti hata siku moja tangu waoane.

Nikaomba ruhusa niende nao Songea, nikijidai nakwenda kulinda majalada. Nawaambia mapema kwamba alikubaliwa, msisome roho ikiwa juu juu. Vibarua walipatikana na Mama Otilia akapumzisha mgongo. Lakini siku ile hatukujua, na kwenye basi Mzee Fokas alisimama kutoka Mbinga hadi Songea akisema anapenda kuona barabara.

Chumba cha bodi kilikuwa mwisho wa baraza. Sakafu ilikuwa imepigwa nta, na nesi mkali aliamuru kila mtu aache viatu nje. Mimi nikatangulia na faili kuwapa madaktari. Walikuwa watatu, na aliyeongoza alikuwa kijana mwenye uso wa usingizi, amepima watu tangu asubuhi. Filamu za X-ray zilikuwa zimekwisha siku hizo, kwa hiyo walitegemea macho na mikono. Mzee Fokas akaingia na soksi, akasimama wima. Mama Otilia akabaki nje mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Hujambo?"

Nilimkazia macho. Midomo yake ikacheza. Nilidhani sasa anasema.

"Sijambo, namshukuru Mungu."

Daktari akasoma ile nakala, akasoma barua ya daktari wetu, akauliza mzee anasumbuliwa na nini. Mzee akasema ni umri tu. Akaambiwa atembee. Akatembea hadi dirishani na kurudi, kifua mbele, hatua za askari, nikaona aibu jinsi alivyotembea vizuri. Wakaangalia kovu, wakasema lilipona vizuri. Daktari akadondosha kalamu sakafuni akamwomba aiokote. Akashuka kwa goti la mguu mzima, mgongo umenyooka, ule mbovu ameusukuma nyuma, akaiokota, akainuka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso lakini uso wenyewe haukusema kitu.

"Vizuri sana mzee," daktari akasema.

Na Mzee Fokas, jamani, akafurahi. Alisifiwa, akatabasamu. Mimi nikaangalia chini.

Nilitaka kusema, nikafungua mdomo, daktari wa pili akanionya kwa kidole kwamba karani hatoi ushahidi. Daktari kijana akaandika mstari mmoja. Akasema, "Haya mzee, vaa viatu. Utajulishwa. Mwite anayefuata."

Mzee akatoka. Mlango ulikuwa wazi. Nilibaki nakusanya karatasi zangu, nawaza nitamwambia nini yule mama. Pale mlangoni Mama Otilia alikuwa anazungumza na mwanamke mwingine bei ya mahindi. Hakukatiza maneno. Alishuka sakafuni, akachukua kiatu cha kushoto, na mume wake akanyoosha mguu bila kumtazama, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mkewe ili asiyumbe. Mama akamvisha, akavuta kamba, akafunga. Bado wanazungumza mahindi. Daktari aliinua kichwa kumtafuta mtu anayefuata, akawaona.

Akaweka kalamu, akatoka hadi mlangoni, na sisi wengine tukamfuata.

"Mama, kwa nini unamvisha?"

Mama Otilia akashtuka, akidhani wamekosea utaratibu. "Si ndiyo kila siku, daktari?"

"Tangu lini?"

"Tangu arudi vitani."

Daktari akachuchumaa pale, akakichukua kiatu cha kulia kutoka mikononi mwa mama, akakiweka sakafuni mbele ya mzee. Alisema polepole, kwa sauti ambayo mtu humsemesha nayo baba yake.

"Mzee, hiki kivae mwenyewe."

Mzee Fokas akakitazama kile kiatu. Watu wa kwenye benchi waligeuka kutazama. Mzee alisimama mguu mmoja na kiatu, mmoja na soksi, mabega yamenyooka vilevile. Daktari hakumharakisha. Hakuita mwingine.

"Siwezi, mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimeshika faili kifuani, na machozi yalinitoka hadharani, mimi mtumishi wa serikali. Daktari alikuwa anatafuta kalamu mfukoni. Mama Otilia alibaki pale chini na mikono mitupu, akamwinulia mume wake uso kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Miaka yote hii," akasema taratibu, "leo ndiyo unaniambia."